Muulize Kabla Hajakuomba

Leo nina ombi kwa kila aliye na mgonjwa aliyelazwa, awe hospitali ya rufaa ya Migori au ya Homa Bay, awe Ombo, Rongo, Mbita au Karungu. Saa za kuwaona wagonjwa zikikaribia kwisha, kabla hujakusanya vyombo ukaondoka, muulize swali moja: usiku wa leo ukibanwa na haja, utafikaje chooni, na nani atakushika mkono?

Nawaomba hivyo kwa sababu wagonjwa wanaanguka hospitalini, na wengi huanguka wakielekea chooni au wakitoka huko. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna ajali inayowapata wagonjwa waliolazwa mara nyingi kama kuanguka. Makadirio yake ni mara 3 hadi 5 kwa kila siku 1,000 za kulazwa, na zaidi ya thuluthi moja ya maanguko hayo humwacha mtu na jeraha. Chukua wodi ya vitanda 30, vyote vimejaa mwezi mzima. Hizo ni siku 900 za kulazwa. Kwa hesabu hiyo, wodi moja tu itarajie watu watatu au wanne kuanguka kila mwezi, na angalau mmoja wao kuumia. Hapo bado hujahesabu kitanda ambacho magurudumu yake hayashiki breki, stima inayopotea usiku, wala choo kilicho nje ya jengo.

Mzee aliyeletwa kwa homa ya mapafu, siku ya nne akiwa ameanza kula vizuri, akianguka na kuvunjika nyonga, ugonjwa wake umegeuka kuwa mwingine kabisa. Atalala wiki nyingi. Vidonda vya mgongo vitaanza, mapafu yatajaa tena, na familia itatafuta pesa za upasuaji ambao haukuwa katika hesabu yao walipokuwa wakimpandisha gari.

Mara nyingi kinachomwangusha mtu ni damu na dawa. Sisi wa kando ya ziwa tunajua jinsi malaria na selimundu zinavyomaliza damu mwilini. Aliyepungukiwa damu akiwa amelala huonekana ana nafuu. Akisimama ghafla, damu inateremka miguuni, kichwa kinakosa yake, macho yanaingia giza. Mama aliyejifungua saa chache zilizopita yumo katika hatari hiyo hiyo, hasa kama alivuja damu nyingi. Anasikia mtoto analia, au anataka kuoga, anashuka peke yake, na magoti yanalegea. Mzee wa shinikizo la damu amepewa vidonge vya kutoa maji mwilini; akivimeza jioni, usiku ataamka tu, apende asipende. Kijana aliyevunjwa mguu na bodaboda kwenye barabara ya Isebania, au mchimba dhahabu wa Nyatike aliyeangukiwa na mwamba, jana ndiyo kwanza amepewa magongo. Mikono haijayazoea, na sakafu imetoka kupigwa deki sasa hivi.

Halafu kuna aibu, na hapa naomba nikae kidogo, maana naamini ndiyo inayowaangusha wazee wetu kuliko utelezi.

Fikiria mzee aliyelazwa wodi ya wanaume. Wanawe wako Nairobi wakitafuta. Anayemlinda ni mke wa mwanawe, ambaye amejikunja kwenye leso kando ya kitanda baada ya kutwa nzima ya kuhangaika. Kwa Wajaluo na kwa Wakuria pia, kati ya baba mkwe na mke wa mwana kuna mipaka ya heshima ambayo mtu haivuki kwa sababu tu yuko hospitalini. Mzee huyo hatamwamsha mkaza mwanawe amwambie anataka kwenda haja ndogo. Nesi wa zamu naye ni msichana wa umri wa mjukuu wake. Basi anafanya analoona ni la kiungwana: anateremsha miguu polepole, anashika nguzo ya dripu kana kwamba ni fimbo yake, nayo ina magurudumu, na inamkimbia.

Wengi watamlaumu kwamba ni mkaidi. Mimi naona alikuwa analinda heshima yake kwa njia pekee iliyokuwa mbele yake. Kazi yetu ni kumpa njia nyingine. Asiachiwe yeye mzigo wa kuomba. Aulizwe baada ya chakula cha jioni, kabla ya taa kuzimwa, na tena katikati ya usiku: "Baba, twende tukanyooshe miguu?" Ukimtamkia hivyo, hakuna kilichoharibika. Na kama wewe si mtu wa kumpeleka, zungumza mapema na kijana anayemlinda mgonjwa wa kitanda cha pili. Kwenye wodi zetu watu hugawana uji na maji ya kunywa bila kujuana majina. Watagawana na hili pia.

Lugha nayo ina sehemu yake. Katika wodi moja ya Migori utasikia Dholuo, Kikuria, Ekegusii na Kiswahili asubuhi moja. Nesi aliyehamishwa kutoka kaunti nyingine anamwambia bibi kwa Kiswahili cha haraka, "Usishuke bila kuniita." Bibi anaitikia kwa kichwa, kwa adabu tu, na maneno yamempita. Jamaa uliye hapo, rudia agizo hilo kwa lugha ya nyumbani, kisha mwambie akueleze yeye mwenyewe ameelewa nini.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya hospitali tajiri. Sikubaliani nao. Janice Morse, mtafiti wa uuguzi wa Kanada, aliunda katika miaka ya 1980 kipimo cha maswali sita ambacho hadi leo kinatumika nchi nyingi. Je, mgonjwa amewahi kuanguka karibuni? Ana ugonjwa zaidi ya mmoja? Hutembea akishika nini? Ana dripu? Mwendo wake ukoje? Anajua mipaka ya nguvu zake? Kinachohitajika ni karatasi, kalamu na dakika chache. Kule Boston na New York, wodi 14 zilijaribu kupanga kinga pamoja na mgonjwa na jamaa zake, na mpango wenyewe ukabandikwa kando ya kitanda kila mtu auone. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: maanguko yalipungua kwa asilimia 15, na yale ya kuumiza kwa asilimia 34. Lakini kengele za umeme zinazolia mgonjwa akiinuka, utafiti wa Memphis uliochapishwa mwaka 2012 haukuona zikipunguza maanguko. Kwa hiyo tusisubiri mashine. Wala tusimfunge mgonjwa kitandani kwa leso au bendeji. Aliyechanganyikiwa atapigana na kamba hadi ajiumize, na ukimzungushia vyuma vya pembeni tu bila mtu wa kumwangalia, atavipanda aanguke kutoka juu zaidi.

Afya iko mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013. Waheshimiwa wawakilishi wa wadi, mnapopitisha bajeti ya majengo mapya yenye utepe wa kukatwa, ulizeni pia kuhusu breki za vitanda, vyuma vya kushikilia ukutani chooni, mapazia, beseni za kutosha, na taa ya sola ya korido. Ulizeni ni wauguzi wangapi huwa zamu ya usiku. Muuguzi mmoja akiachiwa wodi nzima, sitamtupia lawama mgonjwa akianguka upande wa pili wakati yeye anazuia damu ya mwingine.

Na wakuu wa hospitali, acheni kumwita nesi ofisini kama mshtakiwa kila anaporipoti kwamba mgonjwa ameanguka. Atajifunza kunyamaza, nanyi hamtajua kamwe kama watu wanaangukia mlango ule ule, saa ile ile, kila wiki.

Hatimaye, kama utamkuta mgonjwa chini, wako au wa jirani, usimvute mikono kumwinua. Mwache alivyo, mfunike, mtume mtu amwite nesi. Kama mguu mmoja unaonekana mfupi au umegeukia nje, hilo laweza kuwa nyonga. Akiwa amegonga kichwa, mwambie daktari hata kama yeye mwenyewe anasisitiza hajambo, na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, litaje hilo kwanza kabla ya jingine lolote.