Istilahi za Tiba Zilizopitwa na Wakati: Kufuta au Kuhifadhi?

Mada ya mhadhara huu ni hatima ya istilahi ya tiba baada ya kuondolewa katika matumizi sanifu. Wanaisimu wameandika mengi kuhusu namna istilahi zinavyoundwa: kwa kukopa, kutohoa, kuambatanisha na kupanua maana. Kustaafishwa kwa istilahi hakujapewa uzito huohuo, ilhali katika tiba jambo hilo hugusa afya ya watu.

Kisiwa cha Mafia kinatoa mfano ulio wazi. Mwaka 2000 mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianza kugawa dawa kisiwani humo. Dawa hizo, ivermektini na albendazoli, hupunguza vimelea katika damu ili mbu wasiendelee kuvieneza. Haziondoi busha lililokwisha kukua. Hilo huhitaji upasuaji. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, kabla ya kuthibitisha kwamba nchi imeutokomeza ugonjwa huu, hutaka pia ijulikane idadi ya wagonjwa wa matende na mabusha, na huduma wanazoweza kupata.

Idadi hiyo hutegemea maneno. Ichukuliwe kwamba mzee wa Kiegeani anafika zahanati na kusema ana mshipa. Katika Kiswahili cha pwani neno hilo, mbali na maana ya njia ya damu, limetumika tangu zamani kwa maradhi ya sehemu za siri za mwanamume. Huweza kuwa ngiri, yaani utumbo kuchomoza kwenye kinena, au busha, yaani maji kujaa katika mfuko wa korodani. Neno ngirimaji, ambalo ni jina jingine la busha, huzidisha utata: kimuundo linadokeza aina ya ngiri, ilhali kitabibu hakuna utumbo unaohusika.

Katika Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, toleo la 10, ngiri ya kinena ina msimbo K40, busha N43, na maambukizi ya filaria yatokanayo na Wuchereria bancrofti yana msimbo B74.0. Iwapo daftari la zamani limeandikwa "mshipa", na karani akageuza kila "mshipa" kuwa "ngiri", wagonjwa wa mabusha watatoweka katika hesabu. Akigeuza kila "mshipa" kuwa "busha", hesabu itavimba kwa watu wasiohusika. Kosa la namna hii ni gumu kugunduliwa, kwa sababu neno jipya huonekana sanifu na safi.

Mifumo ya kimataifa ya istilahi imekwisha kukabiliana na tatizo hili. Katika SNOMED CT, mfumo uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, msimbo uliopitwa na wakati haufutwi wala haupewi dhana nyingine. Hufungwa usitumike upya, hutajwa sababu ya kufungwa, kisha huunganishwa na mrithi wake. Uhusiano huo una daraja: msimbo wa zamani huweza kuwa sawa kabisa na mpya, au huweza kuwa mojawapo tu ya dhana kadhaa. Vivyo hivyo, tarehe 28 Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza jina Mpox, liliruhusu jina la awali litumike sambamba kwa mwaka mmoja, na likaagiza jina hilo liendelee kuweza kutafutwa katika Ainisho.

Usanifishaji wa Kiswahili una historia ndefu, tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hadi Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967, na Kamusi ya Tiba ya TUKI ya mwaka 2003. Kanuni ya dhana moja kwa istilahi moja imeifaa kazi hiyo. Hata hivyo, ieleweke kwamba kanuni hiyo huongoza maandishi yajayo; haiwezi kusahihisha yaliyopita. Alama ya ukale katika kamusi nayo haitoshi, kwani humwambia msomaji kwamba neno ni kuukuu bila kumweleza maana yake ilihamia wapi.

Hivyo basi, kidahizo cha istilahi iliyostaafishwa kinapaswa kubeba mambo matatu: lini iliachwa, kwa nini iliachwa, na istilahi zipi zinaweza kuirithi. Pale mrithi anapokuwa mmoja, kama "zeruzeru" linaloachwa kwa kulinda utu na kurithiwa na "mtu mwenye ualbino", ubadilishaji hauna hasara ya taarifa. Pale warithi wanapokuwa wawili au zaidi, kama ilivyo kwa mshipa, mwanaleksikografia hana mamlaka ya kuchagua. Kazi yake ni kuonyesha njia zote. Uchaguzi ni wa tabibu aliyempima mgonjwa. Na pale ambapo tabibu huyo hayupo tena na daftari pekee ndilo lililobaki, "mshipa" na libaki "mshipa". Taarifa yenye utata ulio wazi ina manufaa zaidi kuliko uhakika wa kubuni.