Mtu Aliyepotewa na Maneno

Somo letu la leo lahusu mtu aliyepotewa na maneno. Huenda ni baba mzima aliyepatwa na kiharusi, au kijana aliyeumia kichwa barabarani. Ulimi wake haukukatwa, masikio yake yasikia, lakini akitaka maji asema "chumvi", au hasemi kitu. Jamaa hudhani kwamba ameingiwa na wazimu, ama amerogwa. Sivyo hata kidogo. Ubongo wake umepata jeraha, na maradhi hayo huitwa afasia.

Na tutazame jinsi jambo hili lilivyojulikana. Karibu na mji wa Paris, Ufaransa, alikuwapo mgonjwa aliyeitwa Leborgne. Kila alipoulizwa jambo alijibu "tan, tan" tu. Lakini alipoulizwa amekaa hospitali miaka mingapi, alifungua vidole vyote vya mkono mmoja mara nne, kisha akaonyesha kidole kimoja. Hesabuni wenyewe: ni 21. Basi maneno yalikuwa yamekwenda, lakini akili ilikuwapo. Alipokufa mwaka 1861, daktari Paul Broca aliuchunguza ubongo wake, akaona umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele.

Mwaka 1874 daktari Mjerumani, Carl Wernicke, alieleza aina nyingine. Mgonjwa wa aina hii husema mfululizo, lakini maneno yake hayashikamani, wala hafahamu vema aambiwayo. Jeraha lake pia huwa kushoto, ila nyuma zaidi, usawa wa sikio. Upande huo wa kushoto ndio utawalao mkono wa kulia. Kwa sababu hiyo aliyepotewa na maneno mara nyingi hulegea mkono wa kulia pia.

Mtauliza: je, maneno hurudi? Kwa wengi hurudi kwa kiasi, hasa wakifundishwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Mrusi, Alexander Luria, aliwatibu askari waliojeruhiwa vichwa. Mmoja wao, Zasetsky, alipigwa risasi mwaka 1943. Alikuwa kama mtoto anayeanza shule, hata kuandika herufi moja kukawa kazi kubwa. Siku moja aliambiwa aandike neno zima mbio, pasipo kuinua mkono wala kuifikiria kila herufi. Akaweza! Mkono ulikuwa bado wakumbuka njia. Kwa miaka 25 aliandika kurasa zipatazo 3,000 za habari zake, ingawa kuzisoma mwenyewe kulimtaabisha sana.

Tena wapo wagonjwa wasioweza kusema sentensi moja, lakini waweza kuimba wimbo waliouzoea. Mwaka 1973, waganga wa Boston, Marekani, walieleza namna ya kuitumia nafasi hiyo: mgonjwa hufundishwa kuyaimba maneno mafupi ya kila siku, huku akigonga polepole kwa mkono wa kushoto, kisha wimbo hupunguzwa kidogo kidogo. Njia hii haimfai kila mtu, lakini imewasaidia baadhi yao.

Sasa, wewe uliye na mgonjwa nyumbani ufanyeje? Mtu akipindika uso, akalegea mkono, au akikwama maneno ghafula, mpeleke hospitali mara moja, usingoje kesho. Baadaye mtafutie mtaalamu wa kufundisha usemi. Nyumbani, sema naye kwa sentensi fupi, redio ikiwa imezimwa. Usimpigie kelele, kwani si kiziwi. Uliza maswali ya kujibiwa ndiyo au siyo. Tumia picha na ishara. Mpe nafasi, usimmalizie kila neno. Kama alijua lugha mbili au tatu, moja yaweza kutangulia kurudi. Mwitikie kwa hiyo hiyo.

Zaidi ya yote, msigawe shamba lake wala kutumia fedha zake mbele ya macho yake kana kwamba hayupo. Asiyeweza kusema "sitaki" bado aweza kutokutaka.

Kabla hamjatawanyika, jadilianeni katika kikundi chenu: katika mtaa wenu, ni nani aliyeitwa mpumbavu kwa sababu tu hawezi kujibu? Na nani kati yenu atakwenda kuketi naye juma hili?

Kwaherini, hata somo lijalo.