Yesu Katika Tembe



Ninyi mliokulia Mvumi, au po pote katika Ugogo, mmezizoea picha za dini zilizoletwa na Wamisionari: Mariamu mwenye uso mweupe na joho la buluu, na malaika wenye nywele za rangi ya dhahabu. Wako wanaodhani kwamba picha hizo zaonyesha mambo kama yalivyokuwa hasa. Kwa hiyo mchoraji akimpaka Yesu rangi ya Mwafrika, huambiwa kwamba asema uwongo, kwani Bwana wetu alizaliwa Myahudi, katika Bethlehemu ya Uyahudi. Neno hilo si la kupuuzwa, wala sitalipuuza.

Sikilizeni kwanza habari ya Ulaya. Mwaka 1566 Pieter Bruegel, fundi mkuu wa nchi ya Flanders, alichora Yusufu na Mariamu wakifika Bethlehemu kuandikwa. Katika picha ile theluji imefunika kijiji kizima, na watoto wanacheza juu ya maji yaliyoganda. Hiyo si Bethlehemu ya Uyahudi. Ni kijiji cha kwao Bruegel. Wala hakukusudia kuwadanganya wenzake. Aliwaambia, Jambo hili lawahusu ninyi. Basi lililokuwa halali kwake, kwa nini liwe haramu kwetu?

Na kwetu limekwisha kufanywa. Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, alifundishwa uchoraji Makerere katika shule aliyoianzisha Bibi Margaret Trowell. Kisha alipaka picha kubwa tano katika kanisa la ukumbusho la Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall siku zile; kazi hiyo ilimalizika mwaka 1959. Ni Kuzaliwa kwa Bwana, Kubatizwa, Karamu ya Mwisho, Gethsemane, na Kusulibiwa. Yesu wa picha hizo ni Mwafrika, na nchi anayoikanyaga ni ile ile ya wenyeji.

Lakini kumbukeni kwamba kanisa lile liliwekwa kuwa ukumbusho wa Wakristo wa Kikuyu waliouawa siku za vita vya Mau Mau, wakati jirani alipomwinukia jirani, na ndugu ndugu yake. Hapo ndipo penye uzito. Kama Yesu ni mtu wa nchi hii, basi na Yuda pia ni wetu, na Petro aliyemkana, na wale waliolala usingizi bustanini. Picha ya kigeni hutupa nafasi ya kusema, Waliomwua ni watu wa mbali. Picha ya kwetu hutunyima nafasi hiyo.

Sasa tuseme kijana wa Mvumi amepewa ukuta mtupu na rangi. Afanye nini? Hori halitamsumbua, kwa kuwa wazee wetu walilala na ndama na mbuzi katika tembe moja, chini ya dari la udongo. Akitaka kuonyesha safari ya kukimbilia Misri, na akumbuke njaa ya Mtunya, ya mwaka 1917 hata 1920, watu wa Ugogo walipoacha nyumba zao kwenda kutafuta chakula, na akina mama wamebeba watoto mgongoni. Nani katika Ugogo atakayeuliza maana ya picha hiyo?

Ila nina onyo moja. Kugeuza rangi ya ngozi tu, na kuacha mavazi, nyumba na miti ya Ulaya, ni kumvika mgeni kinyago. Mchoraji hana budi kutazama: vumbi la kiangazi, mbuyu usio na majani, mikono ya mwanamke atwangaye uwele.

Bwana alizaliwa mara moja, mahali pamoja, wala hakuna rangi iwezayo kubadili hayo. Lakini neno lililo jipya kila siku ni hili: akibisha hodi usiku katika tembe yetu, je, tutamfungulia?