Kujua Mema na Kutenda Mema



Wakatekumeni wengine huuliza: «Nimekwisha kujua majibu yote ya katekisimu kwa moyo. Mbona hasira yangu ni ile ile?»

Swali hili ni la kale. Huko Athene, Sokrates, aliyeuawa kwa sumu mwaka 399 kabla ya Kristu, alifundisha ya kwamba hakuna atendaye ubaya kwa kupenda: kila mkosefu hukosa kwa kuwa hajui lililo jema. Neno hilo lapendeza kulisikia. Lakini nani asiyemjua mlevi? Yeye ajua kuliko jirani zake wote jinsi pombe inavyowanyima watoto wake chakula. Ajua, na jioni yuarudi kwenye mtungi.

Mtazameni Mtakatifu Augustino, mzaliwa wa Afrika ya Kaskazini. Alikuwa mwalimu mkubwa, na akili yake ilikuwa imekwisha kuikubali kweli. Walakini mazoea ya zamani yalimfunga, akaahirisha uongofu wake siku baada ya siku. Hakupungukiwa elimu. Neema ya Mungu ndiyo iliyomfungua, akabatizwa huko Milan mwaka 387.

Na katika nchi yetu ya Kongo, Mwenye Heri Isidori Bakanja, kijana wa kazi ya ujenzi, alibatizwa mwaka 1906. Hakuwa mtu wa shule kubwa, bali alisali rozari yake. Mwaka 1909 msimamizi wa shamba alimpiga vibaya kwa sababu ya skapulari ya Bikira Maria, hata akafa kwa vidonda vile. Kabla ya kufa alimsamehe, akaahidi kumwombea mbinguni. Ni wasomi wangapi wangaliweza hayo?

Wala msidhani kwamba twadharau masomo. Saulo alikuwa na bidii kuu, akawatesa Wakristu huku akidhani anamtumikia Mungu. Moyo wenye bidii pasipo mwanga waweza kuua.

Basi, ndugu mwenye hasira, usikiache kitabu chako. Lakini leo, mkeo akichelewesha chakula, nyamaza kwanza, sali Salamu Maria moja, ndipo useme. Kesho fanya vivyo hivyo. Ukianguka, omba msamaha kwake kabla hujalala, ijapokuwa ni vigumu kwa mwanamume.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutafundisha juu ya Sakramenti ya Kitubio. Kwaherini.