Mpelelezi Bila Sauti: Filamu Iliyopotea ya A Study in Scarlet



Mwaka 1886 Arthur Conan Doyle, daktari kijana ambaye wagonjwa hawakuwa wakimsumbua sana, aliuza haki zote za riwaya yake A Study in Scarlet kwa pauni 25. Ilichapishwa mwaka uliofuata ndani ya jarida la Krismasi, na humo ndimo Sherlock Holmes alimozaliwa. Mwaka 1914 mtayarishaji G. B. Samuelson na mwongozaji George Pearson waliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu bubu, katika studio ya Worton Hall, Isleworth, magharibi mwa London. Ilitoka mwishoni mwa Disemba, Vita Kuu ikiwa imeshaanza. Leo hakuna nakala yake inayojulikana. Taasisi ya Filamu ya Uingereza, BFI, imeiweka katika orodha ya filamu 75 inazozitafuta kuliko nyingine zote.

Kila filamu hii inapotajwa, anayeliliwa ni Holmes. Nadhani msiba huo umekosewa jina la marehemu. Ninachotaka kuwashawishi jioni hii ni kwamba Pearson alitengeneza, kwa sehemu kubwa, filamu ya muuaji, na kwamba hakuwa na njia nyingine.

Tuanzie kwenye kitabu. Wengi wetu tunakumbuka maiti katika nyumba tupu ya London, pete ya ndoa, na neno lililoandikwa ukutani kwa damu. Tunasahau kwamba riwaya inapofika katikati inamwacha Holmes ghafla na kuhamia jangwani, Utah, miaka mingi nyuma. Sura tano nzima mpelelezi haonekani. Tunasimuliwa habari za Lucy Ferrier, binti aliyeokolewa nyikani, anayelazimishwa kuolewa na mtu asiyemtaka. Na za Jefferson Hope, mchumba wake, anayewafuata wabaya wake kutoka bara moja hadi jingine mpaka anakuwa dereva wa gari la farasi katika mitaa ya London. Ana vidonge viwili, kimoja sumu na kingine salama, na anamwachia adui yake achague. Kwa msomaji anayetaka upelelezi, sura hizo ni mzigo. Wapo wanaozirukaruka, na siwalaumu. Kwa mtu mwenye kamera isiyonasa sauti, hizo ndizo dhahabu.

Maana Holmes ni nani, tukimvua maneno? Anamtazama Watson mara moja na kumwambia kwamba ametoka Afghanistan. Kinachotushangaza si kutazama kwake; sote tuna macho. Kinachotushangaza ni maelezo yanayofuata, hatua kwa hatua: rangi ya ngozi, mkono ulioumia, mwendo wa askari. Mwaka 1914 maelezo hayo yangelazimika kuandikwa kwenye vibao vya maandishi kati ya picha na picha, na hakuna aliyelipa kiingilio ili akasome insha gizani. Wasomaji wa Muhammed Said Abdulla watanielewa upesi. Chukueni riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, mfungieni mpelelezi wake Bwana Msa mdomo, mwacheni na kiko chake tu, kisha muone atakachobaki nacho. Bwana Msa, kama Holmes ambaye ni ndugu yake wa kifasihi, hukamata watu kwa mazungumzo.

Kweli, ukumbi wa filamu bubu haukuwa kimya. Palikuwa na kinanda, na huko Japani palikuwa na benshi, msimulizi aliyesimama kando ya skrini akiwasemea waigizaji wote. Waliokaa kwenye mabanda ya video ya Tanzania wakimsikiliza msimulizi Lufufu, au ya Kenya wakimsikiliza DJ Afro, hawahitaji kuelezwa jinsi mdomo mmoja unavyoweza kuibeba filamu nzima. Lakini Pearson hakuweza kutegemea kwamba kila ukumbi wa Uingereza ungekuwa na mdomo wa namna hiyo. Ilibidi picha zijitegemee.

Sasa tazameni jinsi alivyogawa nguvu zake. Kwa Utah alitoka studio. Korongo la Cheddar, huko Somerset, lilifanywa milima ya Marekani. Mchanga wa pwani ya Southport ukafanywa nyika. Hope aliigizwa na Fred Paul, mwigizaji hasa. Na Holmes je? Alipewa James Bragington, mfanyakazi wa ofisi ya Samuelson ambaye hakuwahi kuigiza. Alichaguliwa kwa sababu ya umbo: mrefu, mwembamba, uso uleule ambao wasomaji walikwisha kuuzoea katika michoro ya magazeti. Mwongozaji hamkabidhi karani mzigo wa filamu nzima. Humkabidhi nafasi ambayo sura inatosha. Kwangu mimi, huo ndio ushahidi mzito kuliko wote.

Wenzangu wa historia ya filamu hunijibu kwa kunitajia Gillette. William Gillette alimwigiza Holmes jukwaani kwa miaka mingi, akacheza filamu yake mwaka 1916 kwa kampuni ya Essanay ya Chicago. Nayo ilihesabiwa kuwa imepotea, mpaka mwaka 2014 ilipopatikana Paris, katika hifadhi ya Cinémathèque française, ikiwa na vibao vya Kifaransa. Nimeitazama, na inaniunga mkono zaidi kuliko inavyonipinga. Holmes wa Gillette anaponyoka mitego, anavunja taa na kuwaacha maadui gizani, anapenda mwanamke. Kufikiri kwake tunakusadiki kwa sababu tumeshakisoma kitabu. Hapo Essanay walikuwa na mwigizaji bingwa. Pearson alikuwa na karani.

Kupotea kwenyewe hakuna fumbo. Mikanda ya wakati ule ilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachowaka kwa kasi na kujitengenezea hewa ya kuendelea kuwaka, hata maji hayakizimi. Kisipoungua, huoza chenyewe, kikawa ute, kisha unga. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu bubu zikawa takataka zinazokula nafasi ghalani, na nyingi ziliyeyushwa ili kuchukua madini ya fedha yaliyomo kwenye mkanda. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulihesabu filamu bubu ndefu karibu 11,000 za nchi hiyo. Zilizobaki kamili katika umbo lake la kwanza ni asilimia 14 tu. Toleo la Kimarekani la riwaya hiihii, alilolitengeneza Francis Ford mwezi uleule wa Disemba 1914, nalo limepotea.

Filamu zinazopatikana huwa zilibaki mwisho wa njia ya usambazaji. Mwaka 1978, Dawson City, huko Yukon nchini Kanada, mamia ya mikanda ilifukuliwa kutoka bwawa la kuogelea lililofukiwa. Ilikuwa imebaki huko kwa kuwa nauli ya kuirudisha ilizidi thamani yake, na ardhi yenye barafu ikaihifadhi. Metropolis ya Fritz Lang ilirudishiwa sehemu kubwa ya vipande vyake vilivyopotea kwa nakala iliyopatikana Buenos Aires mwaka 2008. Nasi wa pwani ya Afrika Mashariki tulikuwa mwisho wa njia za meli, lakini joto na unyevu wetu si rafiki wa naitreti, kwa hiyo sitawapa matumaini ya bure.

Kopo la filamu ya Pearson likiibuka popote, magazeti yatatangaza kwamba Holmes amefufuka. Nawaomba mpuuze kichwa hicho cha habari, mchukue saa, na mpime dakika alizopewa Bragington na dakika alizopewa Fred Paul. Nimeshaweka dau langu kwa Fred Paul.