Tovuti Unayoiamini Nayo Inaweza Kukuingiza Mkenge

(Nilichozungumza kwenye semina ya vijana wa kata yetu. Wengi mmeniomba maandishi, haya hapa.)



Mwezi uliopita nilikuwa nasoma tovuti ya habari ninayoifungua kila siku. Ghafla likatokea tangazo: kivinjari chako kimepitwa na wakati, sasisha sasa. Tovuti ni ileile, alama ya kufuli ipo pale juu. Nikabonyeza, faili likashuka. Nikiwa karibu kulifungua nikakumbuka kwamba laptopu ile ina orodha ya mawakala wetu wa vituo, majina na namba za simu. Jamani, mikono ilitetemeka. Nikalifuta, nikazima intaneti.

Tumezoea kuambiana, "Usifungue linki usiyoijua." Sawa kabisa. Lakini mimi nilikuwa kwenye linki ninayoijua!

Na haikuanza na mimi. Machi 2016, matangazo yenye programu hasidi yalitokea kwenye tovuti kubwa, zikiwemo za New York Times na BBC. Sumu ilipitia kwenye mitandao ya matangazo inayolipia nafasi humo. Mwenye kompyuta yenye programu za zamani hakuhitaji hata kubonyeza tangazo. Ukurasa ukifunguka tu, ameshaingiliwa.

Na lile kufuli? Linasema tu kwamba mawasiliano yako na tovuti hayasomwi njiani. Halisemi kwamba kilichomo ndani ni safi.

Mtaniuliza, "Dada mwanasheria, sheria si ipo?" Ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 4, inakataza kuingilia mfumo wa kompyuta isivyo halali. Lakini hata mwizi akifungwa, orodha iliyoondoka imeondoka. Wakala anayepigiwa simu za vitisho usiku, hukumu itamfaa nini?

Halafu kuna hili ambalo hatupendi kulisikia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Serikali tunaikumbusha kila siku. Sisi je? Majina ya wanachama tunayamwaga kwenye magrupu ya WhatsApp. Nyani haoni kundule.

Naomba mambo matatu.

Moja, sasisha simu na kivinjari kupitia mipangilio ya kifaa chenyewe, kamwe si kupitia ukurasa uliojitokeza wenyewe.

Mbili, orodha za watu zisikae kwenye kifaa unachoperuzia kila kitu. Ikibidi zikae, ziwekee nywila.

Tatu, ukikosea, sema siku hiyohiyo. Mimi niliona aibu, nikakaa kimya siku mbili ndipo nikamwambia katibu. Fundi aliikagua laptopu, hakukuta kitu. Lakini kama kingekuwepo, siku mbili zile mawakala wetu wangekuwa hatarini bila kujua, kwa sababu tu mimi naogopa kuchekwa. Kubonyeza lilikuwa kosa dogo. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kosa kubwa.