Kopo linalolia



Juma lililopita nilikwenda Kariakoo, Mtaa wa Mkunguni, kutafuta kitasa. Kijana mmoja msukuma mkokoteni, tunayefahamiana siku nyingi, akanivuta pembeni na kufungua kifurushi cha karatasi ya gazeti. Ndani mna vidonge. "Mzee," akasema, "kopo lake nimelitupa. Linalia kama njuga, nikitembea wenzangu wote wanasikia." Chumbani wanalala wanne, kwa hiyo hutembea nazo.

Nilicheka, kisha nikaona haya. Mimi nilikuwa katika wale waliodhani mlango mgumu ni kupima. Na kweli ulikuwa mgumu. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Tukanong'ona miaka mingi, hata Julai 2007 Rais Kikwete na mkewe wakapima hadharani hapa Dar es Salaam. Dawa za bure zilianza 2004. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa, mtu akaweza kujipima mwenyewe. Basi kimebaki nini?

Kimebaki kibarua. Kijana huyu hulipwa kwa mzigo. Asubuhi ya kliniki ndiyo asubuhi malori yanashusha mali, na kliniki aliichagua ya mbali kusudi asikutane na mtu wa sokoni. Nauli, foleni, siku imekwisha. Mwezi mmoja hakwenda. Uliofuata aliogopa kufokewa. Amezeaye kila siku, virusi hupungua hata kipimo kisivione, wala hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana. Akikatiza, vinarudi, na vinaweza kuizoea dawa. Haya yote anayajua kuliko mimi.

Muhimbili, mwaka 2011, ilifunguliwa kliniki ya methadoni kwa watumiaji wa heroini, wale tuliowaita mateja na kuwakatia tamaa. Walikuwa wakija kila siku kunywa dozi mbele ya mhudumu. Baadaye wenye virusi wakaanza kupewa ARV mahali hapo hapo, safari moja kwa mambo mawili. Aliyefikiria hivyo alizitazama kwanza siku za mgonjwa, ndipo akapanga ratiba yake.

Nilimshauri kijana aombe kopo jingine, maana jasho linaharibu dawa. Akitulia kwenye dawa aulizie pia za miezi 3 au 6 kwa mpigo. Akaitikia, kisha akaniuliza mbona kliniki yake haifunguliwi jioni. Nawapelekea swali hilo wahusika wa jiji. Biashara ya saa 24 ilizinduliwa Kariakoo mwaka 2025. Kliniki yake hufunga saa 9 alasiri.